Kwetu Msichana Hukataa Kwanza

Nilikataa kuolewa. Jambo hilo nimewaambia watu wengi katika maisha yangu, na karibu wote wametabasamu, kana kwamba nimewaambia kuwa nilizaliwa nikilia. "Ah, Mama, kila binti anakataaka," hunijibu. Siku hizi nikiona tabasamu lile linaanza tu kwenye pembe za mdomo, nanyamaza na kuuliza habari za wajukuu wao. Basi nitaliandika, kwa kuwa nimechoka kulisema.

Nyumbani kwetu Kingi, karibu na Masisi, tulikuwa watu wa ng'ombe. Asubuhi kaka zangu walikamua, mama alichuja, na mimi na dada yangu tulibeba vibuyu vya maziwa hadi kwenye nyumba za wazungu wa mashamba ya pareto, kisha tukaenda shuleni kwa masista huku nguo zikinuka maziwa. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya wazungu. Tulikuwa Wakristo wa kusali kila jioni, na baba alikuwa na mambo yake mengine na ng'ombe zake ambayo padri hakuambiwa.

Katika nyumba ile hakuna mtu aliyesema alichotaka, na hakuna aliyedanganyika. Jirani aliyeishiwa maziwa hakuja kuomba maziwa, alikuja kuamkia. Aliketi, akauliza hali ya kila ng'ombe kwa jina lake, akasifu majani, akailalamikia mvua, akainuka kuaga. Akishainuka ndipo mama alipomwambia, "Lakini hautaenda mukono mutupu." Siku ambayo hatukuwa na ziada, mama alisema, "Ngoja kidogo, ng'ombe iko nakuja," na kila mtu aliwaona ng'ombe wakila majani ng'ambo ya bonde, bila haraka yoyote. Jirani alielewa, akasema hawezi kungoja, wakaagana kwa upendo. Mgeni akikaribishwa chakula alisema ameshiba, hata kama tumbo lilikuwa linanguruma mpaka sisi watoto tukalisikia. Mama akamkaribisha tena. Akakataa tena, ila sauti imeshuka kidogo. Mwishowe akala kama mtu aliyesukumwa. Sisi tuliijua hesabu hiyo kabla ya hesabu ya masista, na tuliipenda, maana ilitufanya tujione watu wenye adabu kuliko majirani wa mabonde mengine.

Wasichana walikuwa na fungu lao la hesabu hiyo, na mwalimu wao alikuwa shangazi. Alikuwa dada yake baba, mjane mwenye ulimi mkali, aliyekaa nasi. Msichana akiambiwa ana mchumba, alitufunza, anainamisha kichwa na kusema hataki. Akiulizwa tena, hataki, na machozi yawepo. Siku ya kuondoka anaushika mwimo wa mlango wa mama yake mpaka avutwe. Anayeondoka macho makavu anamwaibisha mama yake, kwa sababu watu watasema alikuwa analala njaa, au kwamba yule mwanamume amekwisha kumjua. "Mwanamuke wa kufunzwa," alisema, "hakimbilie bwana sawa vile kuku inakimbilia mahindi."

Dada yangu mkubwa alimpenda mchumba wake kabla hata posa haijaletwa. Siku chache kabla ya arusi alinivuta mpaka migombani, nyuma ya zizi, akalia mbele yangu kwa majaribio.

"Iko sawa? Ao niongeze?"

"Ongeza."

Akaongeza. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Siku yenyewe alilia hivi kwamba wanawake wazee walitikisa vichwa kwa sifa, na aliushika ule mwimo mpaka ukucha wake ukavunjika. Kijiji kizima kilisema kwamba yule ni binti kweli. Mimi nilijivuna kama vile kilio kile nilikipika mimi.

Halafu akaja mtu wa Mpofi, kijiji cha msituni. Alikuwa mfanyabiashara wa kule Walikale, aliyepanda kwetu na wapagazi wake akileta mafuta ya mawese na nyama ya kukausha kwa wafanyakazi wa mashamba, akishuka na maharage na tumbaku. Mjane wa makamo, mwenye kofia ambayo hakuivua ovyo. Sitamwotesha pembe hapa. Alikuwa mtu kama watu. Siku ya kwanza mama alimkaribisha chakula, naye akajibu, "Aksanti, Mama, niko na njaa sana," akaketi, akala, akamaliza. Mama alibaki amesimama na mwiko mkononi. Baba alipomwambia kuhusu bei ya maharage kwamba "tutaona," aliketi kwenye jiwe la uani akingoja kuona. Tulimcheka juma zima. "Watu wa pori njo vile," baba alisema. "Neno yao iko moja tu."

Mtu huyo mwenye neno moja ndiye aliyeniposa. Aliniona nikipita na vibuyu, akamtafuta mzee wa kumsemea, akanunua ng'ombe kwa faida ya mawese yake, na ng'ombe hao walikuwa wazuri. Baba aliniita akanipa habari mbele ya shangazi.

Watu huniuliza kama nilikuwa na mwingine. Sikuwa na mwingine. Huniuliza kama alikuwa mkali, au mzee mno, au mgonjwa. Hapana. Sikumtaka tu, na nilitaka kubaki kwetu na kumaliza shule ya masista, na moyo wangu ulikataa kama tumbo linavyokataa chakula fulani bila kutoa sababu. Lakini naona hata leo kwamba "sitaki" ya mwanamke haiwezi kusimama bila kuegemea jina la mwanamume mwingine.

Nilimwendea mama kwanza. Alikuwa anatikisa kibuyu cha kutengeneza siagi.

"Mama, mimi sitaki."

Mkono wake haukusimama, ila uso uling'aa. "Umesema muzuri, mutoto wangu."

"Mama, haiko vile. Sitaki kweli."

"Na dada yako alisemaka vile. Tena yeye aliapa."

Ni kweli, aliapa. Nilikuwapo. Usiku ule na siku zilizofuata nilitafuta neno moja ambalo dada yangu hakulitumia, na sikulipata. Alikuwa amesema sitaki, amesema kweli, amesema heri nife, amemtaja Mungu na marehemu bibi yetu. Maneno yote mazito alikuwa ameyavaa arusini kama shanga.

Nikawaza kwamba kosa ni machozi. Nikamwendea baba macho makavu, nikainua uso, nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba mtu wa Mpofi simtaki na naomba ng'ombe warudishwe. Baba alishtuka. Naapa aliona kitu, kwa nukta moja tu, kwa maana aliweka chini mtemba wake wa tumbaku. Shangazi akacheka kutoka kwenye kona yake. "Huyu anapita dada yake! Haya yake iko mingi mupaka machozi inaogopa kutoka." Baba akauokota mtemba, akacheka naye. Nilimchukia shangazi wakati ule kwa chuki ambayo bado ninayo, ingawa amekwisha kuoza.

Niliacha kula. Kumbe kuacha kula nako kumo katika desturi: mama aliniletea maziwa ya asali kwa siri nyuma ya nyumba, kama mama yake alivyomfanyia yeye, na macho yake yalijaa kumbukumbu tamu. Nikatoroka kwenda kwa mjomba, kilima cha tatu kutoka kwetu. Mjomba alinipokea kwa shangwe. Binti kukimbilia kwa mjomba ni heshima kwa mjomba. Huja kuchukuliwa kwa mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi, na nyimbo, na mjomba hunywa kwanza. Walikuja, wakaimba, mjomba akanywa. Kila njia niliyoiona ya kutokea ilikuwa imelainishwa na nyayo za wasichana waliotoka kwa mchezo na kurudishwa kwa ngoma.

Ndipo nilipowaza habari ya mtu wa Mpofi na neno lake moja. Kama kwetu hakuna anayeweza kunisikia, basi atanisikia yule asiyejua adabu zetu. Nilimvizia kwenye njia ya mashamba ya pareto, mchana kweupe, nikiwa na vibuyu vitupu. Nilimsimamisha, nikasema.

"Papa, mimi sikutaki. Haiko desturi, haiko haya. Sitaki kuwa bibi yako, sitaki kwenda Mpofi."

Alivua kofia. Alinitazama kwa muda mrefu, tena usoni, jambo ambalo kwetu mtu hafanyi.

"Nimesikia," alisema. "Nitaongea na papa yako."

Niliteremka kilima nikikimbia, vibuyu vikigongana mgongoni, nikiimba wimbo wa masista. Jioni alikuja kweli. Nikiwa jikoni niliwaona wamekaa uani, yeye akisema kidogo, baba akisikiliza. Halafu baba akapiga goti lake kwa kiganja, akacheka, akaanza kueleza jambo kwa urefu, kama anavyomweleza mgeni tabia za ng'ombe. Mtu wa Mpofi aliitikia kwa kichwa. Akavaa kofia yake, akaenda zake. Hakuna aliyeniambia yaliyosemwa. Kesho yake siku ya arusi ilitangazwa, nikajua kwamba naye amefunzwa kutonisikia.

Lilibaki kanisa. Sheria ya kanisa ni kwamba padri amuulize msichana peke yake, wazazi wasiwepo. Padri wetu alikuwa Mbelgiji mpole mwenye Kiswahili cha vitabuni. Alinikalisha kwenye kiti, na katekista, mtu wa kwetu, akasimama mlangoni kwa ajili ya heshima.

"Mwanangu, unaolewa kwa mapenzi yako mwenyewe? Hakuna mtu anayekulazimisha?"

"Nalazimishwa, Padri. Mimi simtaki."

Kalamu ilisimama. Aligeuka kumtazama katekista, na mimi nikaanza kupumua. Katekista alikohoa.

"Mompere," alimwambia padri kwa adabu zote, "huku kwetu binti hawezi kusema ndiyo mbele ya mwanaume. Iko haya. Huyu amefunzwa vizuri na mama yake. Kama angesema ndiyo, njo tungeogopa."

Padri alitabasamu. Alikuwa anatupenda, na alipenda kujifunza mambo yetu. Nilifungua mdomo tena, akainua kiganja taratibu, kama mtu anayemtua mwenzake mzigo. "Usijisumbue, mwanangu. Nimeelewa." Na kalamu ikaendelea. Wazungu wengi katika nchi ile walizidharau desturi zetu, wakazikanyaga kwa viatu. Mimi nilipata yule mmoja aliyeziheshimu.

Siku ya kuondoka niliushika mwimo wa mlango. Sikuushika kwa desturi. Niliushika kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kushika. Nilipiga kelele ambazo sikujua kuwa ninazo. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alikuwa analia na kucheka, kwa fahari. Dada yangu, aliyekuja na mtoto mgongoni, ndiye aliyenibandua vidole, kimoja kimoja, mdomo wake ukiwa karibu na sikio langu.

"Umenipita kabisa," alininong'oneza.

Tulisafiri juu ya kamyo la mizigo mpaka barabara ilipotukataa, kisha kwa miguu. Baridi ya kwetu ikaisha, majani ya ng'ombe yakaisha, miti ikafunga juu. Nililia njia nzima, na wapagazi wa bwana wangu, watu wa Walikale, walikuwa wakinitazama na kutazamana. Yeye alitembea mbele na hakugeuka.

Mpofi walinipokea kwa nyimbo na sahani ya ndizi na samaki. Kwao bibi arusi hula, husalimia watu, hucheka, akinuna wanauliza. Mimi niliketi nikilia. Mama mkwe wangu, mwanamke mwenye mabega ya kulima, aliwafukuza waimbaji, akachuchumaa mbele yangu.

"Uko nalilia nini? Kuna mutu amekufa kwenu?"

Tangu mambo yaanze, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza ninalilia nini. Nilimjibu ukweli. "Mama, mimi sikumutaka mutoto wako."

Aliyafikiri hayo. "Na mbona haukukataa?"

"Nilikataa."

"Uliambia nani?"

"Wote."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayesema alichota maji kwa kikapu. "Hapana, mutoto wangu. Kwetu binti akikataa, kuku ya posa inarudi na mwenyewe, tunapika majani ya sombe, maneno imekwisha. Kama ungekataa, haungekuwa hapa." Kisha akauliza kama ng'ombe wamefika kwetu. Nikasema wamefika. Akaguna, akanisogezea sahani. Hakuwa mbaya. Alikaa na mimi mpaka nikala, na kesho yake alinionyesha shamba langu la muhogo.

Sitadanganya kuhusu miaka iliyofuata. Bwana wangu hakunipiga. Aliniletea vikwembe vya kujifunga kutoka safarini, alifurahia watoto wetu wote, hata wa kike. Nilijifunza lugha yao na upishi wao, nikazoea joto, nikazoea kutokunywa maziwa. Lakini nilikuwa na kinyongo, nacho nilikigawa kwa uangalifu: fungu la baba, fungu la mama, fungu kubwa la shangazi, fungu la katekista, na hata padri wa watu nilimtengea lake. Bwana wangu nilimtoa katika mgawo. Nilijiambia kwamba huyu ni mgeni tu wa adabu zetu, mtu wa neno moja aliyedanganywa na watu wa maneno mengi. Nikimtazama akila, mara nyingine nilimwonea huruma. Naye pia aliozwa mtu asiyemtaka, bila kujua. Kwa ajili ya huruma hiyo niliweza kuishi naye.

Karibu na mwisho wa wakati wa Wabelgiji, binti wa jirani yetu pale Mpofi aliposwa na watu wa Itebero. Walitembea njia ndefu na kuku wao, na kwa kuwa bwana wangu alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kusikilizwa, maneno yalifanyika uani kwetu. Binti alitoka shambani na jembe lake, akasimama katikati, akasema, "Sitaki." Watu wa Itebero walijitetea. Walisema ni mdogo, ana haya, apewe muda, wasichana wako vile. Nilikuwa nawamwagia wageni maji ya kunawa, nikisikiliza.

Bwana wangu alivua kofia. "Binti amesema hataki," alisema. "Kukataa iko kukataa. Hatuwezi kumutafutia maneno ingine mu kinywa. Mubebe kuku yenu, ndugu zangu." Wakambeba kuku wao. Hawakununa sana; walikula kwanza, wakaaga. Mama wa yule binti alimshika bwana wangu mikono yote miwili akimshukuru, na watu walisema kwamba mtu mwenye haki ni yule.

Walipoondoka jua lilikuwa bado juu. Yeye aliketi kwenye kiti chake akimenya karanga. Mimi nilikusanya sahani, kisha nikaziweka chini tena.

"Siku ile mu njia ya mashamba ya pareto," nikamwambia, "uliambia papa yangu nini?"

Hakujifanya kusahau. "Nilimwambia, mutoto yako amenikataa. Alicheka. Aliniambia, kwetu binti akisema sitaki, njo amekubali. Akisema kwa nguvu, amekubali kwa nguvu."

"Na wewe ulisadiki?"

Alimenya karanga nyingine, akapuliza maganda kiganjani. Naamini angeweza kunidanganya, na kwetu mwanamume yeyote mwenye adabu angenidanganya. Lakini yeye alikuwa mtu wa Walikale.

"Hapana," alisema. "Nilikuangalia macho. Ulikuwa unanikataa." Akatafuna. "Lakini nilikuwa nakutaka. Na ile maneno ya papa yako ilikuwa muzuri kwangu, nikaichukua."

Akaninyooshea kiganja chenye karanga, nile. Nilisimama pale na sahani zangu miguuni, nikahesabu wale wote niliowachukia kwa miaka mingi, baba na mama na shangazi na katekista na padri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenielewa. Katika Masisi yote na Walikale yote, mtu aliyenielewa alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyenioa.